Pole kwa Aliye Hai

Kazi ya sufi haitaki upepo, wala haitaki mdomo wazi. Sufi ni ile pamba nyepesi ya mti, ya kujazia mito na magodoro. Ukiifungulia dirisha tu inapaa yote, uanze kuifukuza chumbani kama vifaranga. Kwa hiyo sisi hufunga madirisha, tukajifunga vitambaa puani na mdomoni, tukakaa chini duara kuchambua mbegu. Kutwa nzima mnaonana macho tu. Mgeni akiingia hajui nani anasema. Anasikia sauti, anageuza shingo huku na huku. Wenyewe tunajua. Anayesema, kitambaa chake kinacheza.

Cha shangazi yangu kiliacha kucheza.

Mimi ndiye niliyeona kwanza, na si kwa akili. Nimeishia darasa la saba, na hata huko mwalimu alikuwa akisema huyu mtoto anatazama kuliko anavyojibu. Ni kwamba nilikaa mkabala na shangazi, na jioni mimi ndiye niliyefua vitambaa vya wote. Kitambaa cha mtu aliyeongea kutwa kinakuwa na unyevu pale mdomoni. Cha Kicheko, mcheshi wetu, ungeweza kukikamua. Cha shangazi kilikuwa kikavu, kimetanda vumbi jeupe, kama kilichoning'inia msumarini tangu asubuhi.

"Shangazi, leo hukusema kitu," nilimwambia tukirudi nyumbani.

"Nilisema."

"Ulisema nini?"

Alitembea kidogo akifikiri. "Sikumbuki. Labda nilisema moyoni."

Huyo ni shangazi aliyenilea, dada yake baba, na tunaishi wawili katika chumba kimoja cha kupanga. Alikuwa mtu wa maneno. Ukimtuma vitunguu sokoni anarudi na habari za nyumba saba, na vitunguu kasahau. Sasa alikuwa akirudi na vitunguu.

Karakanani hawakuelewa. Usipouona uso wa mtu, ukimya wake unaufasiri utakavyo, na wao waliufasiri kuwa ni maringo. Kicheko, ambaye jina lake la kuzaliwa nadhani hata mumewe amelisahau, alianza kumchokoza: "Jamani, shangazi mtu siku hizi ni mheshimiwa. Anasubiri spika ampe nafasi." Wakacheka. Macho ya shangazi yalibaki kwenye sufi. Bi Mkubwa, mwenye karakana, akasema mwacheni, akichoka kuringa atarudi.

Hakurudi. Asubuhi moja hakuinuka kitandani. Alilala ameelekea ukuta, na nilipomwuliza anaumwa wapi alisema haumwi. Niliacha chai karibu na mkono wake. Jioni niliikuta imeota utando. Ikawa hivyo kesho yake na siku zilizofuata. Alioga nikimwogesha. Alikula nikimwambia "shangazi, kwa ajili yangu," na hata hapo alitafuna kama mtu anayelipa kodi.

Watu wa nyumba walianza kusema. Huyu alisema karogwa, yule alisema ni umri, mwingine akasema kuna mwanamume kamwacha, nikamwuliza mwanamume gani, akasema wewe mtoto hutajua. Mwenye nyumba yeye aliona njia fupi, akampigia simu baba mkubwa, kaka yao mkubwa shangazi na baba, anayeishi mbali. Baba mkubwa akanipigia mimi.

"Mwanangu, mfungashie nguo. Mwisho wa mwezi nakuja na gari nimchukue. Kuna mtu huku anatibu vichwa."

"Atakaa huko mpaka lini, baba mkubwa?"

"Mpaka apone."

"Na asipopona?"

Simu ilikatika. Sijui kama ni salio au ni yeye.

Huyo mtu wa kutibu vichwa nilikuwa nimemsikia. Kijana wa nyumba ya pili alipelekwa kwake. Alirudi na alama za kamba kwenye viwiko vyote viwili, na tangu arudi anasalimia viatu vya watu, hainui macho. Nilikaa na ule mfuko wa nguo mapajani, nikaweka gauni, nikatoa gauni. Nilijua shangazi akitoka mlangoni mle kwenda kule, nitakayeletewa hatakuwa yeye.

Kesho yake mchana, tukinawa bombani, nilimwambia Bi Mkubwa yote. Alivua kitambaa akanitazama.

"Siku zote hizi! Mbona hukusema?"

"Mlisema anaringa."

"Tulisema," akajibu. Akanawa uso mara ya pili, ingawa ulikuwa umeshatakata. "Basi kesho tunakuja."

Wakaja. Walifunga karakana mapema, wakaja wote kwa msafara, wamejitanda vichwa, wa mbele kabeba sukari na wa nyuma kabeba majani ya chai na mkeka. Wakavua viatu mlangoni vikawa rundo. Wakaingia wameinamisha shingo, wakaketi kuuzunguka ukuta, miguu wameinyoosha. Hakuna aliyepaza sauti.

"Pole," alisema Bi Mkubwa.

"Pole sana," wakapokea wengine.

"Ndiyo dunia."

"Sote njia yetu ni moja."

Mtu akashusha pumzi. Kisha fundi wetu wa kushona foronya, mama mmoja mwema asiye na makuu, akafuta jicho na kusema, "Alikuwa mkarimu sana huyu. Ulimwomba uzi, anakupa na sindano."

Niliwatazama, nikamtazama shangazi pale kitandani, mgongo ameupa watu, nikawaza, mbona anasema 'alikuwa'?

Wakati huo muuza maziwa alikuwa anapita uani na baiskeli yake. Akaona lile rundo la viatu, akawaona akina mama waliojitanda, akashuka, akavua kofia. Alisogea mlangoni polepole.

"Jamani, poleni. Nani katutoka?"

Tulitazamana. Ndipo sauti ikatoka kitandani, kavu, imeelekea ukutani:

"Mimi."

Muuza maziwa alirudi nyuma hatua, akashika mlango. Mabega ya Kicheko yalianza kutikisika. Alijiziba mdomo kwa mikono miwili, haikusaidia, ilimtoka puani. Bi Mkubwa akamgeukia amkaripie, naye ikamshinda. Ghafla chumba kizima kilikuwa kinacheka, watu wanaangukiana, fundi foronya analia machozi mengine sasa. Na shangazi akageuka. Siku zote zile nilikuwa nikiongea na mgongo. Sasa nikauona uso. Haukuwa unacheka, lakini ulikuwa umetugeukia.

"Sasa," akasema muuza maziwa, bado kashika kofia, maana ni mtu wa biashara, "maziwa ya leo nimpe nani?"

"Mpe marehemu," akasema shangazi.

Tulipotulia, Bi Mkubwa alijitandua kichwa. "Wenye wazimu ndio sisi. Mtu yu hai, tumemjia na mkeka."

"Na tungefanyaje, Bi Mkubwa?" akasema Kicheko akijifuta. "Sisi tukikusanyika hivi, huwa kuna harusi au kuna maiti. Ngoma sikuiona, nikajua ni lile lingine."

"Ni kweli. Kukusanyika tunajua. Tukishafika ndipo tunapopotea." Akamsogelea shangazi, akaketi ukingoni mwa kitanda. "Haya, mwenzetu. Tumeshakuja na hatuondoki. Tufanye nini?"

Shangazi alikaa sana bila kujibu. Mtu mmoja alitaka kumsaidia neno, Bi Mkubwa akamzuia kwa mkono.

"Sijui," akasema hatimaye. "Msiniambie pole. Na mtu asiniulize nimefanywa nini. Sikufanywa kitu. Ningekuwa nimefanywa ningejua pa kwenda kugombana." Akagusa kifua. "Ni kama lile gunia la mbegu, lile tunaloburuta watu wawili. Naamka nalikuta hapa kifuani. Sasa mtu aliyelaliwa na gunia anaulizwa mbona husalimii watu."

Hakuna aliyecheka.

"Kesho zahanati," akasema Bi Mkubwa.

"Nikaseme naumwa nini? Gunia? Watanicheka."

"Tutakwenda wote. Wakicheka, waicheke karakana nzima."

Tulikwenda na nguo za kazi, maana tulitaka kurudi kuchambua, sufi bado imetung'ang'ania nyweleni kama tumezeeka usiku mmoja. Muuguzi alikuwa dada kijana mwenye kalamu sikioni. Alitutazama tulivyojaa mlangoni.

"Mgonjwa ni nani?"

"Chagua tu, dada," akasema Kicheko. "Hapa hakuna mzima."

Nilidhani atatufukuza. Alisema, "Sawa, ingieni mkae." Kisha akamwuliza shangazi peke yake, taratibu, "Ungependa wabaki au watoke?"

"Wabaki. Wakitoka watatega masikio mlangoni, wataumia shingo."

Akamwuliza usingizi, akamwuliza chakula, ilianza lini, na kama kuna kitu kilichokuwa kinamfurahisha ambacho sasa hakimfurahishi. Shangazi akajibu kidogo kidogo, na lile gunia akalisema. Halafu muuguzi, bila kubadili sauti, akamwuliza kama huwa anawaza kufa. Sote tulitazama sakafu.

"Kufa sitaki," akasema shangazi. "Nilikuwa nataka tu nisiwepo kidogo. Halafu nirudi, kukiwa kumetulia."

"Ahsante kwa kuniambia," akasema muuguzi. "Wengi wanaona hivyo, na wengi wanapona. Ni ugonjwa. Haukuletwa na uvivu, wala maringo, wala mtu."

Kicheko akajikuna kichwa pale aliposikia maringo.

Kisha muuguzi akatugeukia sisi. "Na ninyi je? Nani hapa analala vizuri?"

Hakuna mkono ulioinuka. Bi Mkubwa alikuwa anachezea pindo la mtandio wake. Huyo ni mtu anayebeba godoro kichwani peke yake na bado akakutukana njiani. Akasema kwa sauti ndogo ambayo sikuijua, "Mimi tangu mwanangu ahamie mbali huwa naamka kuku bado wamelala. Moyo unakwenda kama cherehani. Lakini huo ni uzee tu."

"Si uzee," akasema shangazi. Alinyoosha mkono, akamshika goti. "Mwambie vizuri. Usimfiche kama nilivyowaficha ninyi. Mwambie yote."

Bi Mkubwa akasema yote. Ilichukua muda. Nilimtazama shangazi akimsikiliza, kainamisha kichwa upande kama zamani akisikiliza habari za sokoni.

Shangazi alipewa dawa, vidonge vidogo, na sisi maelezo. Dawa hii ina mwendo wa konokono, alisema muuguzi; msione kimya mkaitupa. Arudi kliniki kila wiki. Na msimtoe kwenye mambo yenu, mpeni kazi anayoiweza leo, hata iwe ndogo. Asiyoiweza, kaeni naye tu. Lakini akianza kugawa vitu vyake, au akisema anataka kufa, msingoje siku ya kliniki, mleteni saa hiyo hiyo, hata awe anakataa.

Msidhani tuliweza mara moja. Kicheko alianza kuja kila asubuhi na vichekesho, anaviangusha kimoja baada ya kingine, mpaka shangazi akaniambia, "Mwambie aje, ila mdomo auache kwake." Akaja bila mdomo. Alikaa chini katikati ya miguu ya shangazi, asukwe nywele. Mikono ya shangazi ilikuwa inachoka, mstari unakwenda kushoto, unaacha njia, unarudi. Kichwa kilikuwa kama shamba la mlevi. Kicheko alikwenda nacho kazini hivyo hivyo, na aliyecheka aliambiwa akapime macho.

Bi Mkubwa naye akaweka sheria: hakuna kufunga kitambaa asubuhi mpaka tumeonana midomo, na kila mtu aseme ameamkaje. Siku ya kwanza sote tulisema "mzima."

"Mzima ni yai," akasema Bi Mkubwa. "Semeni vizuri."

Basi fundi foronya akasema ameamka na hasira na hajui ni za nani. Mimi nikasema naogopa mwisho wa mwezi. Bi Mkubwa akasema amelala mpaka jua limemkuta, na haamini. Shangazi, siku alizoweza kuja, alisema, "Gunia lipo." Siku nyingine hakuweza kuja kabisa, na mmoja wetu alikwenda kuchambulia sufi chumbani kwake, milango imefungwa, wawili wamekaa kama wezi. Siku moja akasema, "Lipo, ila leo nimelihamishia begani." Tukaanza kazi, na nilipofua vitambaa jioni, chake kilikuwa na kaduara kadogo ka unyevu. Nilikishika mkononi nikakaa nacho. Kisha nikakifua.

Baba mkubwa alikuja siku aliyosema. Alikwenda kwanza nyumbani, akakuta kitanda kitupu na mlango wazi, na alivyofikiri ndivyo ambavyo kila mtu angefikiri. Alifika karakanani anahema, nyuma yake gari ya kukodi inanguruma barabarani. Akasukuma mlango.

"Dada yangu yuko wapi?"

Sote tuliinua macho. Vitambaa viko usoni, sufi inazunguka hewani kwa ule upepo aliokuja nao. Alitutazama mmoja mmoja. Alikuwa anatafuta mgonjwa wa kubeba, na mbele yake walikuwapo wanawake waliokaa duara wanachambua mbegu. Alinitambua mimi kwa udogo. Mwingine hakumtambua. Shangazi alimwacha atafute.

"Kaka," akasema mwishowe, "funga mlango. Sufi inapaa."

Baba mkubwa alifunga mlango. Nadhani angefunga chochote alichoambiwa kwa sauti ile.

Tulitoka uani. Alimshika shangazi mabega, akamgeuza kwenye mwanga.

"Umekonda. Twende, gari inangoja."

"Siendi, kaka."

"Huna hali."

"Hali ninayo. Si nzuri, lakini natibiwa. Nina dawa, nina kliniki, nina watu."

"Watu gani? Huyu mtoto?" Akanionyesha kwa kidevu. Bi Mkubwa alikuwa ametoka nyuma yetu bila kualikwa.

"Na sisi," akasema.

"Ninyi ni nani wake, mama?"

"Tulishataka kumzika mara moja, ndugu yangu, akatukatalia. Tangu hapo tumekubali kuishi naye."

Baba mkubwa hakucheka. Alikaa kwenye ngazi, akavua kofia, na nikaona jinsi alivyozeeka.

"Mnaongea kirahisi," akasema. "Mama yetu alianza hivi hivi. Akaelekea ukuta. Tukaambiwa mwacheni apumzike, tukamwacha. Hakuinuka tena. Mimi ndiye mkubwa, mimi ndiye niliyeambiwa nisifanye kitu, nikafanya kama nilivyoambiwa. Sasa mnataka nisifanye kitu mara ya pili?"

Sikuwahi kuambiwa habari hiyo. Shangazi aliketi karibu naye, ngazi moja.

"Nakumbuka," akasema. "Tulikatazwa kupiga kelele. Nyumba nzima tulikuwa tunatembea kwa vidole, na yeye yuko ndani peke yake anasikiliza jinsi tusivyokuwepo. Kaka, nikifungiwa mahali na kamba itakuwa kimya kama kile."

"Kamba gani?"

Tulitazamana. Hakuwa anajua. Nikamwambia mimi, nikitazama chini, habari za kijana wa nyumba ya pili, viwiko vyake, na salamu zake kwa viatu. Baba mkubwa alinisikiliza mpaka mwisho. Akauliza kijana yuko wapi, nikamwambia twende ukamwone, si mbali. Akatikisa kichwa.

"Niliambiwa ni dawa za majani na maombi," akasema. "Niliambiwa wanalala vizuri." Akajipangusa uso na kofia. "Namshukuru Mungu hukuwepo kitandani. Ningekubeba."

"Ungenibeba na mgongo huo?" akasema shangazi. "Tungelala hospitali wote wawili."

Hapo baba mkubwa alicheka, kicheko kifupi chenye kikohozi ndani. Akamwuliza dawa anakunywa lini, kliniki iko wapi, muuguzi ni mtu wa namna gani, na kama anaweza kwenda naye kliniki ijayo ili asikie kwa masikio yake. Shangazi akasema karibu, ila ajiandae, kule wanauliza kila mtu. Kisha baba mkubwa akaenda kuongea na dereva. Dereva hakupendezwa, alisema ameambiwa kuna mgonjwa wa kubeba, sasa mgonjwa yuko wapi? Baba mkubwa akamwambia mgonjwa yuko kazini, nenda salama.

Aliporudi ndani alisema atatungoja tu mpaka tumalize, hana haraka. Hakuwa na mahali pa kukaa ila kwenye magodoro yaliyokwisha kushonwa, pembeni. Akajiegemeza. Aliniuliza kitu, nadhani ni habari za baba yangu, na kabla sijamaliza kujibu alikuwa ameshalala. Alilala mdomo wazi, miguu na viatu vimening'inia nje, anakoroma kwa nguvu mpaka sufi ya karibu naye ikawa inakwenda na kurudi.

"Alisafiri tangu jana," nikasema. "Nimwamshe?"

"Usimguse," akasema shangazi. "Huyo hajalala tangu alipopigiwa simu, namjua."

Tukaendelea kuchambua kimya kimya, Kicheko anajiuma ulimi asiseme alilonalo. Baadaye kidogo akaja mteja, mama mmoja wa kunusa na kubonyeza. Alizunguka, akabonyeza hili, akabonyeza lile, akasimama mbele ya baba mkubwa.

"Nataka hili," akasema. "Huyu mzee analala hivyo, hili ni zuri."

Shangazi aliinuka, akajipangusa mbegu mapajani, akavuta kitambaa chini ya kidevu ili asikike vizuri.

"Hilo lina mtu, mama," akasema. "Njoo nikuonyeshe jingine, nimelishona mwenyewe."